Kingamwili ya kutibu shoki: kwa nini wazo zuri halitoshi

Maambukizi yakisambaa mwilini kwa ukali, mishipa ya damu hulegea na kuta zake huanza kuvuja. Presha hushuka. Maji ya dripu yanaingia lakini hayakai ndani ya mishipa, na figo, mapafu na ubongo hukosa damu ya kutosha. Hiyo ndiyo shoki ya sepsisi. Antibayotiki huua bakteria, noradrenalini hupandisha presha, lakini dawa ya kuzuia uvujaji wenyewe bado hatuna.

Kampuni ya Adrenomed ya Hennigsdorf, karibu na Berlin, iliitafuta kupitia adrenomedulini, homoni iliyogunduliwa Japani na kutangazwa mwaka 1993. Homoni hii ikiwa ndani ya mshipa huimarisha utando wake usivuje. Ikipenya hadi kwenye misuli ya mshipa, huilegeza na presha huporomoka. Kingamwili iliyotengenezwa (protini inayonasa kitu kimoja maalumu mwilini), Adrecizumab, huishika homoni bila kuizima kabisa. Kwa kuwa kingamwili ni kubwa, haipenyi kwa urahisi ukuta wa mshipa, hivyo huibakiza homoni ndani, inakohitajika.

Ni wazo zuri sana, na uwanja huu umewahi kuumizwa na mawazo mazuri. Mwaka 1991 kingamwili nyingine, Centoxin, ilitangazwa kupunguza vifo kutoka asilimia 49 hadi 30 kwa wagonjwa 200 wenye aina fulani ya bakteria kwenye damu. Nchi kadhaa za Ulaya ziliiruhusu; Marekani ikadai jaribio jingine. Jaribio hilo, lililohusisha wagonjwa 2,199, halikuonyesha faida yoyote. Wasiokuwa na bakteria hao walielekea hata kufa zaidi walipopewa dawa, na mwaka 1993 jaribio likasimamishwa. Naona Wamarekani walifanya vyema kukataa kuharakishwa.

Ndiyo maana Adrecizumab ilianzia kwa watu wazima wenye afya, kisha ikapelekwa kwa wagonjwa 301 wa shoki barani Ulaya. Walioingizwa ni wale tu ambao damu yao ilikutwa na adrenomedulini nyingi, maana ndio waliotarajiwa kufaidika. Kura iliamua nani apewe dawa na nani apewe maji yasiyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa wagonjwa waliivumilia vizuri. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 23.9 ya waliopewa dawa na asilimia 27.7 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ni ndogo, na ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kwa hiyo hatuwezi kusema inaokoa maisha.

Mgonjwa wa shoki mara nyingi hawezi kujisemea, hivyo ridhaa ya jaribio la namna hii huombwa kwa ndugu zake. Ukiombwa, uliza kama kamati ya maadili imeliidhinisha, madhara gani yameshaonekana, na unawezaje kumtoa mgonjwa wako baadaye. Anayeangukia kundi lisilopewa dawa mpya hanyimwi matibabu: antibayotiki, dripu na dawa za presha anapata kama kawaida.