Kabla Hujaichonga Manifoldi ya Hewa

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nikitanua manifoldi ya hewa, yaani mirija inayopeleka hewa kwenye silinda za injini, gari litaongeza nguvu kiasi gani? Jibu langu huwaudhi wengi. Manifoldi haizalishi nguvu. Inachoamua ni nguvu hiyo ikae kwenye mizunguko ipi ya injini. Ukifupisha mirija, unapata nguvu juu na kupoteza mvuto chini, na gari la matumizi ya kila siku linaishi huko chini.

Chanzo ni mawimbi. Pistoni inaposhuka valvu ikiwa wazi, mnyonyo hupanda mrija kwa kasi ya sauti, takribani mita 340 kwa sekunde, na zaidi kidogo hewa ikiwa na joto. Ukifika mrija unapofungukia chumba cha hewa, ambako mirija yote huanzia, hugeuka kuwa msukumo na kurudi ulikotoka. Msukumo huo ukiikuta valvu iko karibu kufunga, husindilia hewa ya ziada ndani ya silinda. Ukiwahi au ukichelewa, hakuna faida.

Piga hesabu kidogo. Mrija wa sentimita 40, kwenda na kurudi, huchukua kama milisekunde 2.4. Katika muda huo krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, hugeuka nyuzi zipatazo 42 kwa mizunguko 3000 kwa dakika, na nyuzi 85 kwa mizunguko 6000. Wimbi halijali injini inaenda kasi gani, kwa hiyo mrija wa urefu mmoja hauwezi kufaa kote. Chrysler walilionyesha jambo hili vizuri mwaka 1960 kwenye gari lao la 300F. Mirija yake ya inchi 30 ilitoa nguvu farasi 375. Toleo la pili lilifanana nalo kwa nje, ila kuta za ndani zilikatwa mpaka urefu unaofanya kazi ukawa inchi 15, nalo likatoa 400. Farasi hao 25 walikaa juu, na mvuto wa chini ukapungua.

Kwa hiyo pima kwanza. Kama injini yako ina sensa ya presha ya manifoldi, isome kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho na mizunguko ikiwa juu. Linganisha na presha uliyoisoma swichi ikiwa imewashwa lakini injini haijawaka. Usawa wa bahari hiyo huwa karibu kilopaskali (kPa) 101. Tofauti ikiwa kPa 1 au 2 tu, eakilina (kichujio cha hewa) na throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) havikubani, na throto kubwa zaidi itakupa pedali yenye papara na si kingine. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu mirija yenyewe.

Kazi ambayo naikubali ifanyike nyumbani ni kulinganisha matundu ya manifoldi na ya silinda hedi. Paka wino wa fundi, weka gaskiti mpya, chora kwa sindano ya chuma. Hapa wengi hukosea upande. Tundu la manifoldi likiwa dogo kidogo kuliko la hedi, hewa hupita bila shida kubwa. Likiwa kubwa kuliko la hedi, hewa hugonga ukingo. Kwa hiyo chonga kwa kiasi, na uanze kwa kupapasa unene wa ukuta.

Tumia biti ya kabaidi yenye meno mapana ya alumini, ukiipaka mafuta kidogo. Jiwe la kawaida la grainda hujaa alumini na linaweza kupasuka usoni mwako, hivyo miwani si hiari. Malizia kwa msasa namba 80. Using'arishe kama kioo pale nozeli zinapopulizia ndani ya mrija au kabureta inapotumika, kwa sababu mafuta hujikusanya kwenye ukuta laini. Manifoldi ya plastiki iache: ina nyuzi za kioo, vumbi lake halifai mapafuni, na haichomelewi.

Osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Chembe moja ya chuma inatosha kukwaruza silinda. Kagua uso kwa rula iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kisha kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mpira wa buusta ya breki, kifaa kinachotumia mnyonyo kurahisisha breki, urudishe kwenye chumba cha hewa, usiuhamishie kwenye mrija mmoja. Mnyonyo wa silinda moja hupigapiga, nawe unahitaji breki zenye msaada thabiti.

Ukiwasha, sikiliza silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta. Hewa ikivuja kwenye injini yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, mchanganyiko hukosa mafuta na silensa hutetemeka, kwa kuwa hewa hiyo haikuhesabiwa. Yenye sensa ya presha peke yake kwa kawaida hupandisha silensa tu. Lakini hiyo ya pili ndiyo inayodai ramani mpya ya mafuta (jedwali la kompyuta la kiasi cha mafuta) ukibadili mirija, maana kompyuta yake hukisia hewa kwa kutumia manifoldi ambayo haipo tena.