Rubani wa Malindi hakuwa Ibn Majid

Juzi kwenye mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi nilikuwa na walimu kutoka bara. Sijamaliza kusema Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyepata rubani hapa wa kumvusha hadi India, mmoja kadakia: "Akaongozwa na Ahmad ibn Majid!" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Naongoza wageni Malindi miaka mingi, na jina hilo limenifika kooni.

Mnara wenyewe niumalize upesi: msalaba wa juu ni jiwe la Ureno, hilo jengo jeupe lililoubeba ni la baadaye sana. Pigeni picha.

Sasa Ibn Majid. Alikuwa bingwa wa bahari, mtu wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo. Aliyemtia kwenye kisa hiki ni mwandishi wa Makka, al-Nahrawali, miongo mingi baadaye, na kwa maelezo yake eti bingwa huyo alileweshwa kwanza. Waandishi wa Kireno wanataja Mgujarati: Malemo Cana. Na hapo ndipo Mswahili angestuka kabla ya profesa yeyote. Malemo si jina, ni maalim, mwenye elimu ya njia za bahari. Cana nalo, wasemavyo wataalamu, ni neno la Kihindi la mnajimu. Yaani tumeachiwa cheo mara mbili, mwenyewe kapotea. Kitabu cha shule hakipendi shimo, kikalijaza na mtu maarufu.

Tena rubani huyo hakutolewa kwa ukarimu mtupu. Mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa, ndiyo, lakini Vasco alimzuia chomboni mjumbe wa mfalme mpaka rubani akaletwa. Hilo silisikii kwa wanaosifu "urafiki" ule.

Na rubani asingefanya lolote bila kusi, upepo wa kuendea India. Waling'oa nanga 24 Aprili 1498, upepo ukianza kugeuka, na 20 Mei wakawa Calicut, India. Kurudi wakatoka India Oktoba, kaskazi, upepo wa kurudia, haijashika, wakataabika baharini miezi mitatu, watu wakifa kwa kiseyeye, hadi Malindi Januari 1499. Mvuvi yeyote wa hapa angewaambia wangoje.

Nikiri: miaka yangu ya mwanzo nami nilimtaja Ibn Majid, kwa madoido, na bakshishi ilikuwa nono.

Yule mwalimu akauliza, "Na mtihani ukimtaka?"

Nikamwambia waandike tu Ibn Majid, wapate maksi zao, kisha waje huku baada ya matokeo.