Je, zege laweza kuchanganywa kwa maji na mchanga wa bahari?

Laweza. Saruji hushika kwa maji ya bahari, tena hushika upesi kuliko kwa maji matamu, kwa sababu kloridi iliyomo, ambayo ni sehemu ya chumvi, huharakisha kuganda. Nguvu ya siku za mwanzo huwa juu, lakini ile ya siku ya 28 kwa kawaida hupungua, pengine kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa bonge lisilo na nondo la kukinga mawimbi, upungufu huo hufidiwa kwa kuongeza saruji. Kinachoharibu mambo ni nondo.

Nondo hailindwi na unene wa zege peke yake. Saruji iliyoshika ina alkali kali (kinyume cha asidi), pH ya 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba mno wa oksidi unaozuia kutu. Kloridi huutoboa utando huo hata kama alkali haijapungua. Kutu ya namna hii huchimba vishimo: nondo inaweza kukaribia kukatika mahali pamoja, na sentimita chache pembeni ikawa nzima. Kisha kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani. Ndiyo maana nyufa zake hufuata mstari wa nondo, zikitanguliwa au kuandamana na madoa ya kahawia, hadi vipande vinaanza kudondoka.

Piga hesabu ya mfuko mmoja. Lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na kati ya hizo kloridi ni kama gramu 19. Ukitia lita 25 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, umeingiza gramu 475 za kloridi, yaani asilimia 0.95 ya uzito wa saruji. Kiwango cha Ulaya, EN 206, kwa zege lenye nondo za kawaida huishia asilimia 0.40, au gramu 200 kwa mfuko, na kuna daraja kali zaidi la 0.20. Zege lisilo na chuma huruhusiwa hadi asilimia 1.0. Kwa hiyo maji ya bahari yanakubalika kwa shida pasipo nondo, na penye nondo yamevuka kikomo mara mbili kabla hata hujahesabu mchanga. Wenye visima vya maji ya chumvi nao wapime: kwa zege la nondo, maji yanatakiwa yasizidi miligramu 1,000 za kloridi kwa lita, isipokuwa jumla ya kloridi yote ya mchanganyiko imepigiwa hesabu na kuonekana iko ndani ya kikomo.

Mchanga una mambo yake. Wengi hudhani ule mkavu wa juu ya ufukwe ndio salama; mara nyingi ndio mbaya zaidi. Hurushiwa maji, jua likayakausha, chumvi ikabaki na kurundikana. Mchanga uliochimbwa chini ya bahari hubeba tu chumvi ya maji uliyoshika. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 5 zina lita 5 za maji ya bahari, sawa na gramu 95 za kloridi: karibu nusu ya kikomo cha mfuko mzima.

Uingereza na Japani hutumia mchanga wa bahari, lakini huuosha na kuupima. Kwenye eneo la ujenzi, kumwagia lundo ndoo kadhaa hakutoshi, maana chumvi hushuka na kutulia chini ya lundo. Utie kwenye tangi au pipa lenye tundu la kutolea maji, ufunike kwa maji matamu, koroga, mwaga, rudia. Kwa zile kilo 100, lita 45 za maji matamu hushusha chumvi hadi sehemu moja ya kumi. Ukichuja zikabaki lita 10, kloridi ni gramu 19 tu. Tia matone ya naitreti ya fedha, kemikali ya maabara, kwenye maji ya mwisho: maji hayo yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado ipo. Ulimi si kipimo. Na kabla ya hayo yote, uliza kibali: kuchota mchanga ufukweni humomonyoa pwani.

Hata kwenye lipu isiyo na chuma, mchanga usiooshwa hukuadhibu. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, jambo la kawaida pwani, na ukuta hutoa madoa na kumenya rangi.

Ukitumia maji matamu bado bahari itabisha hodi kutoka nje. Panapoumia zaidi ni pale mawimbi yanapolowesha na kuacha pakauke. Panapozama daima kutu huenda polepole kwa uhaba wa oksijeni. Hapo penye kupwa na kujaa, maji yasizidi lita 22 kwa mfuko, pamoja na unyevu wa mchanga. Nondo zifunikwe kwa milimita 50 au zaidi. Zege lishindiliwe vizuri na kumwagiliwa maji matamu angalau siku 7. Saruji yenye pozolana (kama majivu ya volkano) au slagi (mabaki ya tanuru la chuma) ya kutosha huzuia kloridi kupenya. Ile inayouzwa kwa sifa ya kustahimili salfeti haina faida hiyo: imepunguzwa aluminati, sehemu ya saruji ambayo ingeikamata kloridi.

Warumi walijenga bandari kwa chokaa, majivu ya volkano na maji ya bahari, na baadhi zipo hadi leo. Kuta za matumbawe na chokaa za Kilwa na Gedi nazo zimesimama karne nyingi. Kote huko hamna nondo.

Leo zipo nondo za nyuzi za kioo, zisizoshika kutu. Hizo ndizo zinazofanya zege la maji ya bahari liwezekane kwenye bimu na slabu. Lakini ugumu wake dhidi ya kuvutika ni kama robo ya chuma, hivyo bimu hupinda zaidi na michoro lazima ifanywe upya. Wala hazikunjwi kwa mkono: kona na ringi zote huagizwa kiwandani zikiwa na umbo lake.