Kumlaza Msafiri Bure: Kazi Kubwa Iko Kabla Hajabisha Hodi

Katika mafunzo yetu kwa umma, swali la kwanza huwa ni lile lile: mtu anawezaje kumlaza nyumbani kwake mgeni asiyemjua, tena bila malipo? Ukweli ni kwamba mwenyeji makini halazi mtu asiyemjua. Anamchunguza kwanza, na hatua hiyo ndiyo wengi wanairuka.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko intaneti. Servas, iliyoanzishwa Denmark mwaka 1949 kama harakati ya amani, humtaka msafiri afanyiwe usaili na apewe barua ya utambulisho. CouchSurfing, mtandao wa intaneti wa kuwakutanisha wasafiri na wenyeji, ilipoanza mwaka 2004 ilimwondoa mtu wa kati: usaili sasa unafanywa na mwenyeji mwenyewe, kwa kusoma wasifu wa mgeni na maoni ya waliowahi kukaa naye. Mwaka 2011 iligeuzwa kuwa kampuni ya kibiashara, na mwaka 2020 ikaanza kutoza wanachama ada katika nchi nyingi. Upo pia BeWelcome, unaoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 2007, na waendesha baiskeli wana mtandao wao, Warmshowers. Ada, pale inapokuwapo, ni ya mtandao tu. Mwenyeji anayedai hela ya kitanda ameshakiuka masharti.

Kwa msafiri anayemchagua mwenyeji, kwenye maoni ndiko penye kazi. Wingi wake usikudanganye, kwani watu huona haya kumsema vibaya aliyewapa malazi, na malalamiko hujificha ndani ya maneno ya adabu. Mtu akiandika, "Nyumba safi, iko karibu na stesheni, asante," jiulize kwa nini hakusema lolote kuhusu mwenye nyumba. Tafuta hasa walichoandika wanawake waliosafiri peke yao. Mwanamume anayepokea wanawake vijana tu, safari baada ya safari, tunamshauri msafiri ampite, hata kama kasifiwa na wote. Hatusemi hivi kutisha watu: mwaka 2015 mahakama ya Padova, Italia, ilimhukumu kifungo polisi aliyembaka msichana wa Australia aliyempokea kupitia mtandao wa aina hii.

Mwenyeji naye asome ombi kwa jicho hilo hilo. "Habari, nafika Ijumaa, una nafasi?" ni ujumbe uliotumwa kwa watu ishirini. Anayekuuliza kama paka wako analala sebuleni, kwa sababu yeye paka humletea mafua, amesoma wasifu wako mpaka mwisho. Huyo jibizana naye. Mwambie mapema atalala wapi, kwenye kochi au chumba chake, kwa siku ngapi, kama atapewa ufunguo, na mlango unafungwa saa ngapi. Pigianeni simu ya video. Mazungumzo yabaki ndani ya mtandao, msihamie WhatsApp haraka, maana likitokea la kutokea, wasimamizi wataona yaliyoandikwa kwao tu.

Kwa msafiri tunasisitiza jambo moja kuliko yote: uwe na hela ya kulala hotelini usiku huo huo. Asiye nayo hubaki hata pale moyo unapomwambia aondoke. Anwani ya mwenyeji mwachie ndugu au rafiki.

Halafu kuna sheria, ambayo karibu kila mtu huisahau. Italia, anayemlaza raia wa nchi isiyo ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ndani ya saa 48, hata kama hapokei senti. China, mgeni kutoka nje anayelala nyumba ya mtu lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Nchi nyingine hazina sharti hilo kabisa. Ulizia uhamiaji au polisi kabla ya kulikubali ombi, na kama umepanga, soma mkataba wako wa pango uone unasemaje kuhusu wageni wa kulala.