Kabla ya kushusha kizimba, pima maji ya alfajiri

Wanaonipigia simu kuhusu kufuga samaki kwenye vizimba huuliza yale yale: vifaranga wanapatikana wapi, mfuko wa chakula ni shilingi ngapi, na kizimba kimoja kinalipa kiasi gani. Ni maswali ya msingi. Mimi kazi yangu ni maji, kwa hiyo nami huwauliza: hapo unapotaka kukishusha, oksijeni ya saa kumi na moja alfajiri ni ngapi? Wengi hawajawahi kuipima, na katika bajeti nyingi nilizoonyeshwa hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakuna hata mstari wa kununua kipimo. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu hapo ndipo mtaji wa mtu huzama.

Samaki anatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Inaingia kwa mawimbi yanapokutanisha maji na hewa, na kwa mwani, ile mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani, unapotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Jua likizama mwani hautoi tena oksijeni, ila unaendelea kuitumia, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha uchafu. Kiwango kinashuka usiku kucha, na kinakuwa chini kabisa muda mfupi kabla ya kupambazuka.

Ndiyo maana vipimo vya mchana vinadanganya. Kwenye ghuba yenye mwani mwingi unaweza kupata miligramu 8 na zaidi kwa lita saa tisa alasiri ukafurahi, kumbe alfajiri inayofuata ni chini ya 3. Sato, yaani tilapia, anahitaji 5 kwenda juu ili ale vizuri na akue. Chini ya 3 anaanza kuteseka. Sato wa ziwani atahama. Wa kizimbani hana pa kwenda. Utawakuta wote wamepanda juu, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka na kujifunga haraka haraka, na ukiwarushia chakula hawakigusi. Mtu asiyejua husema wameshiba. Hapana, wanakosa pumzi.

Ukijani wenyewe una historia. Miaka ya 1930, sahani nyeupe inayoshushwa kwa kamba kupimia uangavu wa maji ilionekana hadi kina cha takribani mita 5 katika ziwa hili. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa inapotea kwenye mita 1 hivi. Katikati ya miaka hiyo ziwa limepokea fosforasi na naitrojeni nyingi: udongo wa mashambani, majivu na vumbi vinavyoshuka na mvua, maji ya vyoo, mifereji ya miji. Simama kando ya Mto Mirongo mvua kubwa ikishanyesha, utaona mwenyewe kinachoingia ziwani. Na sisi wa vizimba tumo: chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki vyote ni mbolea ya mwani.

Lakini kinachonitia hofu zaidi kiko chini. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili jua hupasha maji ya juu, nayo hukaa juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Tofauti ya joto inaweza kuwa nyuzi 1 au 2 tu. Kwenye ziwa la nchi ya baridi hiyo isingetosha, ila maji yenye joto la nyuzi 25 hubadilika uzito zaidi kwa kila nyuzi kuliko maji ya nyuzi 5, kwa hiyo kwetu tofauti ndogo inatenga matabaka mawili kabisa. Tabaka la chini halipati hewa mpya. Mwani uliokufa unazama na kuozea humo, na oksijeni inakwisha. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa kusini mashariki hupoza ziwa na kulichanganya tena.

Hatari iko kwenye upepo mkali unaokuja katikati ya kipindi cha matabaka. Unasukuma maji ya juu kuelekea upande mmoja, na upande wa pili yale ya chini yanapanda, wakati mwingine na harufu ya mayai viza. Yakipita kwenye kizimba, samaki wa miezi sita wanaweza kwisha kabla hujapata mtumbwi wa kukufikisha. Watu hukimbilia kusema wamewekewa sumu. Mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana, na watafiti wa Kenya walitaja upungufu wa oksijeni.

Joto linaongeza mzigo. Ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa nyuzi 25 hewa ya huku inaweza kuyapa maji miligramu 7 hivi tu kwa lita. Pwani, kwa maji yasiyo na chumvi, ni 8 na kidogo. Kila nyuzi inayoongezeka inapunguza kiasi hicho na kuimarisha matabaka.

Kwa hiyo chagua mahali penye kina na mkondo, wavu ubaki juu kabisa ya tope, usijifiche kwenye kona ya ghuba kwa kuogopa mawimbi. Safisha utando kwenye nyavu, maana ndio unaozuia maji kupita. Usilishe alfajiri, subiri jua lipande. Siku ya mawingu na maji yametulia tuli, punguza chakula au acha. Na usijaze vifaranga kwa tamaa ya mavuno.

Kipimo ni ghali kwa mtu mmoja, lakini wafugaji wa ghuba moja wanaweza kuchanga wanunue kimoja, wapeane zamu ya alfajiri, na namba iingie kwenye kundi la WhatsApp kabla mtu hajafungua mfuko wa chakula. Waiweke pamoja na utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na picha za bure za setilaiti za Sentinel-3 zinazoonyesha mwani ulikotanda. Wakiona namba za alfajiri zinashuka siku hadi siku na upepo mkali umetabiriwa, wenye samaki waliofikia uzito wa soko wavue mapema, hata kama bei ya soko la samaki la Kirumba wiki hiyo haipendezi.