Bibi amesahau njia ya nyumbani: je, ugonjwa huu ni wa ukoo?

Daktari, bibi yetu wa Mbagala ana miaka 78. Amepotea mara mbili akitoka sokoni, na dada yake naye alikuwa hivyohivyo. Ni uzee tu?

Hapana, dada yangu. Mzee kuita majina ya wajukuu watatu kabla hajalipata la nne, huo ni uzee. Lakini aliyeishi mtaa mmoja miaka mingi akishindwa kurudi kwake, huyo apelekwe hospitali. Huenda ni demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na demensia iliyo ya kawaida zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona kwenye ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki, Auguste Deter: mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau.

Na tafadhali, jirani akisema bibi anayetoka nje usiku wa manane ni mchawi, mkatazeni palepale. Wazee wameumizwa kwa maneno kama hayo.

Basi na mimi nitaupata?

Jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Zipo jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na kasoro fulani huleta ugonjwa mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi kasoro hiyo. Koo za namna hiyo ni chache mno duniani. Kwa umri wa bibi yenu, sidhani kama ndicho kisa chake.

Jeni inayozungumzwa zaidi ni APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19 (kromosomu ni vibeba-jeni ndani ya seli). Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba aina yake ya e4 huongeza uwezekano wa kuugua. Huongeza tu: wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wanaougua bila kuwa nayo.

Nikapime jeni?

Mimi nasema usianze na hicho. Hesabu nyingi za hatari zimetokana na Wazungu, na utafiti wa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, ulionyesha kwamba e4 haikuwa na nguvu ileile kwao. Tunahitaji tafiti nyingi zaidi za Waafrika. Hapa kwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi wakakuta takribani 6 katika kila 100 wana demensia.

Dawa ipo?

Ya kuponya, bado. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa mchanga, lakini inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu humo, hasa kwa wenye nakala mbili za e4.

Bibi apimwe kwanza presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, aulizwe pia kuhusu sonona, kwa kuwa baadhi ya usahaulifu hutibika. Nawe dhibiti presha yako tangu sasa. Leo hii shoneni namba ya simu kwenye pindo la kanga yake, na muwaeleze vijana wa bodaboda pale kijiweni wamjue.