"Run": herufi tatu, maana zaidi ya mia sita

Mtu anapoanza Kiingereza, "run" hufundishwa mapema kabisa: maana yake ni kukimbia, na kando yake huchorwa mtoto anayetimua mbio. Haupiti muda mrefu kabla hajakutana na pua, duka, basi na mgombea, vyote vimepewa kitenzi hichohicho, na katika hao wote hakuna anayetoka jasho.

Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno hili kwa ajili ya toleo la tatu, walifikisha maana 645, tena za kitenzi peke yake, nomino haimo. Kazi hiyo ilimchukua mhariri Peter Gilliver miezi 9 hivi. Kabla yake, katika toleo la pili la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa urefu wa maelezo lilikuwa "set". Hesabu hiyo isimtishe mtu. Sisi wenyewe tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu na wakati mwingine tunakata tamaa, bila kisu kuguswa.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana. Kimoja kilimaanisha kwenda mbio na pia kutiririka. Kingine kilimaanisha kukifanya kitu kiende mbio, hasa farasi. Baadaye viwili hivyo vikawa umbo moja. Kijerumani, ndugu yake Kiingereza, hadi leo kinatenganisha "rennen", kukimbia, na "rinnen", kutiririka. Kwa hiyo pua inapo-"run", hiyo si tamathali ya mtu anayekimbia. Ni maana kongwe ya kutiririka. Ndivyo ulivyo mto, ndivyo lilivyo bomba lililoachwa wazi, na ndivyo ilivyo nguo inayochuja: "the colours ran", rangi zimechuja.

Kile kitenzi cha pili ndicho kinachowasumbua wengi, ingawa Mswahili ana ufunguo wake mdomoni. Sisi tuna kwenda na kuendesha, kutiririka na kutiririsha, kukimbia na kukimbiza. Kiambishi kinatuambia nani anatenda na nani anatendesha. Kiingereza hapa hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinaacha yambwa, yaani jina la kinachotendwa, ifanye kazi hiyo. "The engine is running": injini inafanya kazi. "Run the engine": iwashe, iendeshe. "The buses run every hour": mabasi hupita kila saa. "She runs a bus company": anaendesha kampuni ya mabasi, na huenda hajawahi kushika usukani. Programu ya kompyuta nayo, ikiwa kiima, inafanya kazi. Ikiwa yambwa, kuna mtu anayeiendesha. Ukiona jina mara tu baada ya "run", jaribu kwanza "endesha". Mara nyingi utapata.

Mara nyingi, si kila mara. "Run a marathon" ni kukimbia mbio zenyewe. "Run a red light" ni kupita taa nyekundu bila kusimama, "run a fever" ni kuwa na homa, "run a risk" ni kujiweka hatarini. Hizi hazina njia ya mkato, zinakaririwa.

Halafu kuna vile vijineno vinavyofuata nyuma. "Run out" ni kuishiwa: muda, mafuta, subira. "Run into" inaweza kuwa kukutana na rafiki bila kutarajia au kugonga ukuta, na muktadha pekee ndio unaoamua. "Run over" ni gari kumgonga mtu na kumpitia juu, lakini mkutano uki-"run over" umepitiliza muda wake tu, hakuna majeruhi. "Run down" ya betri ni kuisha chaji; ya mtu ni kumponda kwa maneno; ya mtaa ni uchakavu. Kwa maoni yangu, anayejifunza apime kwanza hivi vijineno kabla ya kuhangaika na orodha ya kamusi, kwa sababu humu ndimo makosa ya mazungumzo yanamozaliwa.

Kwenye siasa kuna kichekesho kidogo. Mmarekani anayetaka kiti husema ana-"run", Mwingereza kwa kawaida husema "stand", yaani anasimama. Mmoja mbio, mwingine wima, na sisi tunagombea. Soksi ndefu nyembamba ikifumuka uzi mstari mrefu, Mmarekani anauita mstari huo "run". Mwingereza anauita ngazi.

Nomino yenye uzito zaidi ni ile ya benki. "A run on the bank" ni wateja kukimbilia benki kwa pamoja kutoa akiba zao. Benki haikai na fedha zote za wateja. Sehemu kubwa imeshakopeshwa, kwa hiyo hofu peke yake inaweza kuikausha hata ile ambayo mizania yake haina tatizo. Septemba 2007 foleni zilijipanga nje ya matawi ya Northern Rock nchini Uingereza, jambo ambalo nchi hiyo haikuwa imelishuhudia kwa benki yake tangu mwaka 1866. Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, wengi wakitumia simu na kompyuta. Kijineno "on" ndicho kinachobeba ile picha ya kuvamia: kukiwa na "a run on sugar", sukari inagombaniwa madukani.

Kwenye kriketi "run" ni alama, inayopatikana wapigaji wawili wanapobadilishana ncha za uwanja mwembamba wa katikati wenye urefu wa mita 20 hivi. Hapo angalau kuna kukimbia kwa kweli. Na ukisikia "three days running", hakuna anayekimbia wala anayeendesha chochote: ni siku tatu mfululizo.